Risasi Ipitayo na Risasi Ibakiayo

Lugha yetu haikuona haja ya kutenganisha madini na kazi yake. Neno risasi, tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, ni jina la ile metali nzito, laini, ya rangi ya kijivu, inayoyeyuka kwa moto wa mkaa tu. Na hapo hapo ni jina la kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Mtoto akiuliza risasi imetengenezwa kwa kitu gani, atajibiwa kuwa ni kwa risasi. Kwa vizazi vingi jibu hilo lilitosha. Siku hizi halitoshi tena, na mabadiliko hayo yamechukua miaka mia na hamsini hivi, yakamwaga damu ya wanyama na ya watu ambayo aghalabu haikuandikwa popote.

Nilitunza ghala la silaha katika kituo kimoja cha wanyamapori kusini mwa nchi kwa miaka zaidi ya ishirini, tangu mwaka 1975. Sikuwa mwindaji. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kilichotoka na kilichorudi, na kuweka sahihi. Wageni waliofika pale waliulizia bunduki: ipi ni kubwa, ipi ilitoka Uingereza, ipi ilimwangusha simba fulani. Habari za risasi hakuna aliyeziuliza. Nami hujiambia kwamba bunduki haijamgusa mnyama hata siku moja. Kinachomgusa ni kipande cha gramu ishirini au thelathini, na mambo yote hutegemea kipande hicho kitatenda nini ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde baada ya kupasua ngozi.

Hapo pana maswali mawili. Kitafika ndani kiasi gani? Na kitafungua njia pana kiasi gani? Ugomvi wa maswali hayo ndio historia yote ya risasi za wanyama wakubwa. Kipande kikijitandaza hupoteza nguvu za kusonga mbele. Kikibaki chembamba husonga mbele sana lakini huacha tundu dogo. Ukitaka yote mawili lazima udanganye madini kwa namna fulani, na watu wengi wenye akili wamehangaika kuyadanganya.

Wakati wa magobore ugomvi huo haukusikika sana kwa kuwa dawa ya kila kitu ilikuwa ukubwa. Baruti nyeusi haina mwendo mkali. Basi, kama huwezi kuongeza mwendo, utaongeza uzito, na kwa kuwa risasi ilikuwa ya mviringo kama gololi, kuongeza uzito kulimaanisha kupanua mtutu. Waingereza walipima mitutu kwa kuhesabu ni gololi ngapi za kuenea mtutu ule hutoka katika ratili moja ya risasi. Bunduki ya "nne" ni ile ambayo gololi zake nne hufanya ratili, yaani kila moja gramu 113. Samuel Baker, katika safari zake za Mto Naili miaka ya 1860, alikuwa na moja iliyorusha kombora la nusu ratili. Watu wake waliiita mtoto wa mzinga, na kila alipoifyatua ilimzungusha kama pia. Frederick Selous, ambaye jina lake lilipewa pori letu kubwa la Rufiji mwaka 1922, alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa na miaka 19, akaanza kuwinda ndovu kwa bunduki mbili za "nne" zisizo na mifereji ndani, za kujazwa kwa mdomo. Baruti aliichota kwa kiganja kutoka katika mfuko. Baadaye alilalamika kwamba mateke ya bunduki zile yalimharibia utulivu wa kulenga. Mtu huyo aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, kwa risasi ndogo ya askari wa upande wa Wajerumani, naye amezikwa huko huko.

Hata gololi ya gramu 113 ilikuwa na udhaifu wake. Risasi tupu ikigonga fuvu la ndovu hubonyea kama ugali uliotupwa ukutani. Wawindaji wa zamani wakachanganya bati ndani yake ili iwe ngumu. Huku kwetu, mafundi wa ndovu wa kusini, walioishi kwa meno yaliyokwenda Kilwa, mara nyingi hawakuipata hiyo risasi ya kuchanganya, wakatumia chuma. Ghalani nilikuwa na kopo la maziwa ambamo niliweka vitu vilivyotolewa ndani ya wanyama, na nusu yake vilitoka kwenye magobore ya karne yetu: gololi za baiskeli, vipande vya nondo vilivyokatwa kwa tindo, na kokoto moja. Mtu aliyeshindilia nondo kwa mdeki hakuwa mjinga. Alijua kwamba risasi laini haitafika, akatafuta kitu kitakachofika. Alichokosa ni uwezo wa kukifanya kiende sawasawa, maana kipande cha nondo kikitoka mtutuni hupinduka hewani kama fimbo iliyotupwa.

Mambo yalibadilika haraka kati ya 1882 na 1898. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu mara kadhaa kuliko ile nyeusi. Ghafla mwendo ukapatikana, na mara ikaonekana kwamba risasi tupu haiwezi kuustahimili. Inachubuka katika mifereji ya mtutu na kuziba njia. Mswisi mmoja, Eduard Rubin, alikuwa ameshaonyesha tangu 1882 namna ya kuivika risasi joho la shaba. Majeshi yakachukua vyote viwili. Bunduki zikawa nyembamba, nyepesi, na risasi yake ikapita mwilini mwa mtu kama sindano ipitavyo kitambaani.

Hapo ndipo wakubwa wa jeshi la Uingereza huko India waliponung'unika. Katika vita vya Chitral vya mwaka 1895 walidai kwamba adui alipigwa na bado akaja. Kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, kikatoa risasi ambayo joho lake halikufika nchani: ncha ya risasi tupu iliachwa wazi ili ikigonga itandae. Dunia ikashtuka kwa majeraha yake. Tarehe 29 Julai 1899, huko The Hague, mataifa kadhaa yalitia sahihi azimio la kutotumia vitani risasi zinazofunguka au kutandaa kirahisi ndani ya mwili wa mtu. Uingereza yenyewe ilijiunga mwaka 1907.

Azimio lile halikuwahusu wanyama. Mwindaji alilichukua kombo la Dum Dum likawa chombo chake cha kila siku, kwa kuwa kongoni aliyepitwa na risasi nyembamba ya kijeshi anaweza kukimbia mwendo mrefu na kufa usiku peke yake, lakini aliyepigwa na risasi inayotandaa huanguka karibu. Hivyo risasi iliyokatazwa kwa askari kwa sababu ya huruma ikawa ya lazima kwa mwindaji, nayo pia kwa sababu ya huruma. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa peke yangu ghalani, na sijaona kwamba upande wowote ulikosea. Askari aliyetobolewa amekwisha kutoka vitani na ana daktari wa kumtibu. Mnyama hana daktari.

Tangu hapo wawindaji wa Afrika Mashariki wakawa na risasi za aina mbili mfukoni. Laini, yenye ncha wazi, ilikuwa ya pofu, punda milia, kongoni na simba. Ngumu, iliyovikwa joho lote, ilikuwa ya ndovu, kifaru na kiboko, ambao mifupa na unene wao hauruhusu mzaha. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa bunduki ya nambari 450 yenye risasi ya gramu 31 iendayo mita 650 kwa sekunde, na ikawa kama mwisho wa enzi ya magobore mazito ya Wazungu. Ngumu nayo haikukamilika siku moja. Joho la kwanza lilikuwa jembamba; likigonga fuvu lilipinda au kupasuka. Ikabidi litiwe chuma na kuongezwa unene nchani. Ikagunduliwa pia kwamba ncha butu huenda sawa ndani ya nyama, na ncha kali kama ile ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1905 hupinduka, kwa kuwa uzito wake uko nyuma. Watu wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Tumezoea kudhani kilichochongoka ndicho kitoboacho.

Aliyeielewa risasi ngumu kuliko wote ni Walter Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja, Uganda, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 tu, theluthi moja ya ile ya Rigby. Jambo hili limeleta ubishi usiokwisha. Wapenzi wa bunduki ndogo humtaja kama shahidi wao. Mimi naona ni shahidi wa kitu kingine kabisa. Bell alikata fuvu la ndovu kwa msumeno katikati ili aone ubongo umekaa wapi, kisha akachagua risasi ngumu, ndefu, yenye ncha butu, ambayo itafika hapo bila kupinda. Hakuchagua udogo, alichagua njia. Tena aliwinda makundi ambayo bado hayajazoea mlio wa bunduki, yaliyomruhusu asogee na kungoja. Waliomwiga walichukua udogo wakaacha msumeno.

Jinsi kosa la upande wa pili linavyoua iliyoonekana wazi ni ya George Grey, ndugu wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo. Mwaka 1911, katika nyanda za kusini mashariki ya Nairobi, alimkabili simba aliyejeruhiwa akiwa na bunduki ya Ross nambari 280, iliyokuwa mpya na yenye sifa kubwa ya mwendo mkali. Risasi zake nyepesi zilifumuka juu juu bila kufika ndani. Simba alimfikia, na Grey alifariki Nairobi siku chache baadaye. Magazeti yaliandika kwa sababu ya jina la ukoo wake. Wafuata nyayo na wabeba bunduki waliokufa hivyo hivyo katika miaka ile hawakuwa na kaka waziri.

Na huo ndio uchungu wangu katika suala hili. Anayechagua risasi huketi mezani. Anayelipa ni yule atangulizwaye kufuata damu vichakani, ambaye mara nyingi hakuulizwa chochote.

Katika miaka ya 1980 kituo chetu kiliagiza risasi za nambari 375, zile za gramu 19 ambazo nchi nyingi za Afrika zimeweka bunduki yake kuwa ndogo kabisa kuruhusiwa kwa wanyama wa hatari. Karatasi yangu ilitaja ngumu na laini, kila moja na idadi yake. Ofisi iliyohusika na ununuzi, siitaji, ilileta laini tupu. Nilipouliza niliambiwa kuwa risasi ni risasi. Miezi michache baadaye nyati alikuwa akiwavamia watu mashambani, wakatumwa askari wawili na mfuata nyayo mmoja. Nyati alitokea akiwa ameelekea kwao, kichwa kimeinuliwa, na askari alimpiga pale alipopaswa kumpiga, begani karibu na shingo. Mnyama aliyumba akaingia matetini. Mfuata nyayo alitangulia, kama ilivyo desturi. Nyati alimngojea pembeni ya njia yake mwenyewe, kama nyati wafanyavyo. Ilichukua risasi sita zaidi kummaliza, na mwenzetu alitolewa pale akiwa hai, lakini mguu wake wa kushoto haukukunjika tena.

Waliniletea risasi ya kwanza. Ilikuwa imepasukia kwenye mfupa wa bega. Joho lilikuwa tupu limekunjamana, na risasi ya ndani ilikuwa imemwagika kama uji. Nilipoipima ilibaki chini ya theluthi ya uzito wake. Haikuwa na ubovu wowote wa kiwandani. Ilifanya vizuri kabisa kile ilichotengenezewa, kwa mnyama asiye wake. Fomu ya taarifa ilikuwa na nafasi ya tarehe, mahali, nambari ya bunduki, na idadi ya risasi zilizotumika. Aina ya risasi haikuwa na nafasi. Niliiandika pembeni kwa wino mwekundu, na sina habari kama kuna aliyeisoma.

Wakati huo huo msitu mzima ulikuwa ukifundishwa somo la kinyume chake. Majangili wa miaka ile hawakuja tena na magobore. Walikuja na bunduki za kivita, na risasi ya AK-47 ina gramu 8 hivi, imevikwa joho lote kama desturi ya majeshi tangu siku za The Hague. Kwa mtu, desturi ile ilikusudiwa kupunguza mateso. Kwa ndovu ilileta mateso ambayo sijui niyaandike vipi. Hapigwi moja; hupigwa kumi, ishirini, popote zinapoangukia, naye huondoka nazo. Doria zetu zilikuta mizoga mbali na mahali palipofyatuliwa, mingine bado ina meno yake, maana mwuaji alishindwa kuifuata. Katika eneo la Selous ndovu walihesabiwa karibu 110,000 mwaka 1976, na kufikia 1986 walibaki nusu hivi. Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na marufuku ya biashara ya pembe ya mwaka huo zilileta pumzi, kisha wimbi jingine likaja, na hesabu ya mwaka 2013 ikatoa kama 13,000. Kopo langu la maziwa lilijaa vile vijiti vidogo vya shaba na chuma, vizima kabisa, kana kwamba vimetoka sandukuni.

Wakati sisi tunahesabu mizoga, mafundi wa Marekani walikuwa wakijaribu tena kuyadanganya madini. Mmoja wao, John Nosler, alikuwa amewinda huko British Columbia mwaka 1946, risasi zake zikapasukia juu ya ngozi yenye matope ya moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa kukaribia nyati. Alirudi nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta katikati: nusu ya mbele hutandaa, nusu ya nyuma hubaki imefungwa na kuendelea na safari. Tangu 1948 risasi hiyo imekuwa ikiuzwa, na kwa maoni yangu hakuna wazo lililokuwa rahisi na zuri kuliko hilo. Kisha mwaka 1989 kampuni ya Barnes ya Utah ikatoa risasi ambayo haina risasi kabisa. Ni shaba tupu, kipande kimoja, na tundu nchani. Ikigonga, tundu lile hupasuka pande nne, na mwili uliobaki husonga mbele bila kupoteza karibu chochote.

Ilitengenezwa kwa ajili ya kufika ndani, lakini ndege ndio walioipa sababu ya pili. Risasi laini ikimwagika ndani ya mnyama huacha chembe zisizoonekana, mbali na jeraha lenyewe, na tumbusi wanaokula matumbo yaliyoachwa porini huzimeza. Huko California kulikuwa na ndege mkubwa wa jamii hiyo, kondori, ambao mwaka 1987 walibaki 27 tu duniani, na sumu ya risasi ilikuwa moja ya sababu kubwa. Jimbo lile limepiga marufuku risasi za risasi katika uwindaji wote tangu 1 Julai 2019. Huku kwetu tumbusi hufa zaidi kwa nyama iliyotiwa sumu kwa makusudi, kwa hiyo sitaki kuifanya shaba kuwa mwokozi. Ina taabu zake pia. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo ili kupata uzito ule ule lazima kipande kiwe kirefu zaidi, kikale nafasi ya baruti. Na wenye bunduki za zamani za mitutu miwili wanaogopa kwamba ugumu wake utaharibu mitutu ambayo haitengenezwi tena.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja afanyaye kazi katika kitalu cha uwindaji aliniletea moja iliyotolewa kwa nyati. Alinipigia shikamoo, akaifungua kwenye karatasi. Ilikuwa imechanua pembe nne sawasawa, na shina lake refu kwa nyuma. Mtu wa Unguja angesema ni karafuu ya shaba. Tuliipima kwenye mizani ya sonara mjini, na ilikuwa karibu imetimia. Alasiri nikaipeleka kwa yule mfuata nyayo wa zamani, ambaye siku hizi hukaa barazani kwake na mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Aliigeuzageuza mkononi muda mrefu. Nilianza kumweleza habari za tundu la nchani na pembe nne, akanikatiza.

"Bwana," akasema, "hii ilikutwa ndani, au ilikutwa upande wa pili?"

Nikamwambia ilikutwa chini ya ngozi, upande wa pili.

"Basi haikutoka," akasema. "Damu ilimwagika kwa tundu moja." Akanirudishia, akaagiza mjukuu wake atuletee kahawa.